Shamba la babu lisiuzwe kwa ajili ya Seattle

Mpwa, umeniandikia kwamba umesoma habari za Arthur Denny, mwanzilishi wa mji huu wa Seattle, Marekani, ninaoishi: alikuja hana kitu, akafungua duka, akaingia siasa, akafa tajiri. Sasa unataka shamba la babu kule Muheza liuzwe upate nauli, na wajomba wengine wamekuunga mkono. Kwa hiyo nawajibu wote.

Shida Denny aliziona, hilo ni kweli. Aliondoka Illinois Aprili 1851 kwa magari ya kukokotwa, mkewe Mary akiwa mjamzito, naye mwenyewe akaandamwa na homa. Tarehe 13 Novemba wakashuka kutoka jahazi la Exact pale Alki, ufukwe wa Seattle ya leo, mvua inanyesha, na kibanda walichokitegemea hakina paa. Wanawake walilia. Mary alikuwa na kichanga wa miezi miwili na maziwa hayatoki. Inasimuliwa kwamba mtoto aliponea supu ya kombe, kwa ushauri wa mama mmoja mwenyeji.

Na akili ya biashara alikuwa nayo. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walichukua kamba ya Mary ya kuanikia nguo, wakaifunga viatu vya farasi, wakapima kina cha ghuba mpaka wakapata mahali meli za San Francisco zingetia nanga kupakia magogo. Hapo ndipo katikati ya jiji la leo. Duka likafuata, kisha benki.

Lakini mpwa, jiulize ardhi aliipataje. Sheria ya Marekani ya 1850 iliwapa mume na mke Wazungu waliofika wakati ule ekari 320 bure, mradi wakae na kulima miaka minne. Mtu mweusi hakuwemo. George Washington, si yule rais bali mtu mweusi, mtoto wa mtumwa aliyekuja kuanzisha mji wa Centralia mwaka 1875, kusini ya hapa, ilibidi ardhi yake kwanza iandikwe kwa jina la Wazungu waliomlea. Huyo ndiye wa kumsoma kama unataka kujua mtu wa rangi yetu angepokelewaje.

Tena ardhi ile ilikuwa na wenyewe, Waduwamish. Walowezi walipoishiwa unga, walikula viazi vya wenyeji hao. Mji ukapewa jina la chifu wao. Mwaka 1865 baraza la mji likapiga marufuku wenyeji kukaa mjini, isipokuwa walioajiriwa na kupewa malazi na waajiri wao. Mwaka 1866, Denny akiwa mjumbe wa eneo hili katika Bunge la Marekani, alipeleka barua ya walowezi ya kupinga Waduwamish kutengewa ardhi. Mpaka leo serikali kuu haijawatambua kama kabila. Mtu huyohuyo alipendekeza wanawake wapewe kura mwaka 1854, akatoa ardhi ya chuo kikuu. Mazuri yake siyafichi. Ila hili la viazi linaniuma kila nikivuka Mto Duwamish kwenda kazini.

Kazini kwenyewe ni kulea wazee, zamu ya usiku. Kuwageuza kitandani, kuwaosha, kuwalisha. Kodi ya nyumba inameza karibu nusu ya mshahara, bado bima, gari, na ninachotuma nyumbani. Sioni aibu, kazi ni halali na wazee wale nawapenda. Lakini hakuna ofisi itakayokukabidhi ekari hata moja kwa sababu umefika. Wengi tunaofahamiana huku tumepanga miaka nenda rudi, na wewe huko una ardhi yenye minazi na michungwa inayozaa.

Ukimaliza uuguzi hapo Tanga, nipigie. Ada ya mitihani ya huku nitachangia, na tutatafuta mwajiri wa kukudhamini viza. Njia hiyo ni ndefu lakini nimeona watu wakiipita. Hela ya shamba siitaki, na karatasi za mauzo zikiletwa kwa mama yako, nimeshamwomba asitie sahihi.