Muuzaji anasema 500, fundi anasema ndogo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina duka la steshenari hapa Morogoro. Nachapa barua na CV, natoa kopi. Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba, na aliyeniuzia alisema ina memori ya GB 500. Nikifungua Word na intaneti kwa pamoja, inakwama. Nimefuta picha na kazi za zamani za wateja, wapi! Fundi wa mtaani kaniambia memori ni ndogo. Nimshike nani? Halafu mbona mwenyewe nikiangalia naona 465?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza acha kufuta kazi za wateja, hazina kosa. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja anataja kitu chake. GB 500 ni diski, yaani ghala la kuhifadhia kazi zako. Fundi alikuwa anazungumzia RAM, yaani memori inayoshika kazi ulizofungua kwa wakati huo tu. Umeme ukikatika hujaisevu barua, ulichopoteza kilikuwa kwenye RAM. Barua ya jana unaikuta kwa sababu iko kwenye diski.

Kila programu unayofungua hula RAM, na kurasa za intaneti siku hizi zina ulafi wa ajabu. RAM ikijaa, Windows huazima nafasi kwenye diski. Diski ya kuzunguka haiiwezi kasi hiyo hata kidogo, ndipo unaona mshale umeganda na mteja anakutazama.

Hakikisha mwenyewe kabla hujatoa hela. Fungua kazi zako zote za kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa mpigo, ingia Performance, kisha Memory. Utaona una GB ngapi, zimetumika ngapi, na kama kuna nafasi ya kuchomeka nyingine. Ukikuta GB 4 na karibu zote zimeliwa, fundi wako yuko sahihi; ongeza zifike 8. Dukani taja na aina, DDR3 au DDR4, maana haziingiliani, na za laptopu ni fupi, hazikai kwenye kompyuta ya mezani. Afadhali uende na ya zamani mkononi. Hela ikibaki, weka SSD, yaani diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, badala ya diski ya kuzunguka. Utaona tofauti tangu inapowaka.

Kwenye 465 hujaibiwa. Kiwanda huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024. GB ya Windows ni kubwa zaidi, ndiyo maana idadi inapungua. Diski ni ileile.