Nina kazi ya kudumu Septemba, nipande mlima kwanza?

Anti shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi na mama Kiboriloni hapa Moshi. Nina diploma ya maabara, nimekaa nyumbani mwaka na nusu, sasa Mungu kajibu nimepata kazi ya kudumu kwenye hospitali binafsi Arusha, mkataba nishasaini, naanza tarehe 1 Septemba. Shida mfukoni sina kitu. Binamu yangu anayepandisha wageni Kilimanjaro kaniambia niingie nao kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni, Julai na Agosti maana msimu umechanganya na watu hawatoshi. Mama hataki hata kusikia, anasema mtu una barua ya hospitali halafu unaenda kubeba mizigo, hospitali wakijua watakunyang'anya kazi. Binamu anataka jibu wiki hii. Nikubali? Na hospitali niwaambie au ninyamaze?
Msomaji, Moshi

Marahaba mwanangu, na hongera, mwaka na nusu nyumbani si mchezo.

Mama mwambie hivi, kwa upole. Mpaka tarehe 1 Septemba hospitali hawakulipi hata mia, kwa hiyo Julai na Agosti ni yako. Ila usome tena huo mkataba, ukurasa kwa ukurasa, uone kama kuna sehemu wanakutaka mapema, kupima afya, kupeleka vyeti, semina ya wageni wapya, maana hizo ndo zinawaponza watu. Wakikupigia katikati ya Agosti uje kesho na wewe uko kambi ya Barafu huko juu mlimani, simu baridi imeshakula chaji, watajua umeghairi. Piga simu kwa afisa utumishi wao, sema nitakuwa safarini siku kadhaa kadhaa mtandao utasumbua, nikikosekana namba ya dada yangu ni hii. Huna haja ya kujieleza unabeba nini. Akikuuliza mwambie ukweli, kupanda mlima siyo kuiba.

Hela nayo mama aiangalie vizuri. Mshahara wako wa kwanza ni mwisho wa Septemba, na chumba Arusha, iwe Sakina iwe Kijenge, mwenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu mkononi, wengine sita, bado godoro, bado nauli ya kila siku. Hiyo hela itatoka wapi? Bora itoke mgongoni kwako kuliko kuanza kazi na deni.

Sasa mimi wasiwasi wangu uko kwenye safari ya mwisho. Njia ya Machame ni siku 6 au 7, ya Lemosho wengi wanaenda 8. Chukua kalenda uhesabu na mimi: ukiingia Lemosho tarehe 25 Agosti, siku ya nane unashuka Mweka gate tarehe 1 Septemba, miguu imevimba, na maabara wanakusubiri tangu asubuhi. Na ndugu hakwambii "hii acha", atakwambia "moja tu ya mwisho, wageni wana tipu nzuri". Kwa hiyo jibu la kumpa wiki hii liwe na tarehe ndani yake: nakuja, ila baada ya 15 Agosti siingii mlimani. Na yule anayepanga watu kwenye kampuni aambiwe hivohivo tangu siku ya kwanza, asije akakuweka kwenye kundi la mwisho wa mwezi ukamwachia pengo getini. Ukitoka na Machame ya 15 unashuka 21, unabaki na siku kumi za kulala, kutafuta chumba na kuacha magoti yapoe, kazi ya maabara ni ya kusimama kutwa.

Kuhusu notisi ya kuacha kazi ya mlimani usiogope. Ukilipwa kwa safari, mkataba wako ni wa kazi maalumu, safari ikiisha na wewe umemaliza. Ila dai hela yako kila ukishuka, mshahara na tipu, usikubali "tutajumlisha mwisho wa msimu". Mimi enzi zangu nilishika kibarua cha wiki sita kwenye hoteli moja kabla sijaanza kazi ya kueleweka, hela ya wiki mbili za mwisho nimeifuata mara nne, mara ya tatu nimekaa kwenye benchi la mlinzi saa tatu nzima na bosi namwona dirishani anakunywa chai. Mara ya nne nikapewa nusu.

Mzigo getini unapimwa, sheria ni kilo 20, mtu akikuongezea baada ya mizani kataa. Na kichwa kikigonga huko juu ukaanza kutapika usijikaze kiume, mwambie kiongozi ushuke. Kampuni ikitaka kukukata NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, toa namba uliyonayo kama unayo, usifungue ya pili, hospitali binafsi nayo itakuingiza hukohuko.

---

Anti, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngaramtoni, nalipwa kwa mwezi, hii ni wiki ya tatu tangu nianze. Nimepata kazi ya kudumu kwingine. Bosi nimwambie lini, naona aibu.
Mdada wa Ngaramtoni

Mwambie leo mdogo wangu, aibu itakugharimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza notisi ni siku 7 tu. Ukivuka huo mwezi, kwa anayelipwa kwa mwezi zinakuwa siku 28, na hapo huko kwingine hawatakusubiri. Iwe ya maandishi, uweke sababu na tarehe, ubaki na kopi iliyosainiwa. Siku ya kuondoka omba na cheti cha utumishi, ni haki yako hata kama ulikaa wiki nne tu. Na funguo za stoo mkabidhi mbele ya mtu.