"Hakuna fasi ya batoto": maswali yenu kuhusu ubaguzi kazini na kwenye nyumba

Kwa mgeni wa safu hii: mimi ni mchunguzi wa malalamiko ya ubaguzi katika ofisi ya haki za raia ya jiji moja la katikati ya Marekani. Ukisikia watu wakiniita "mpelelezi" usikimbie. Sina pingu wala bunduki, nina faili na kalamu. Mwezi huu maswali yamekuja mengi, nimechukua haya. Majina nimeyaacha.

Jambo mama. Tuko watu saba: mimi, bwana yangu na batoto batano, wa mwisho iko na miezi ine. Tulienda kuona nyumba ya byumba tatu. Mwenye nyumba akasema hakuna fasi ya batoto wengi hivi, batapiga makelele. Kesho yake rafiki akapiga simu, bakamuambia nyumba ingali. Ni ubaguzi?

Jambo sana mama. Naanza na neno lako moja, "fasi". Niliwahi kupokea faili ambalo mkalimani, kijana aliyekulia Dar es Salaam, alisikia "hakuna fasi" akaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna nyumba iliyo wazi. Mama huyo wa Bukavu, Kongo, alikuwa amesema mwenye nyumba alimwambia hakuna mahali pa watoto, maana kwao "fasi" ni mahali. Mwenye nyumba anayesema nyumba imeshachukuliwa hajasema lolote baya. Anayesema hana mahali pa watoto ameshajishtaki mwenyewe. Tulisikiliza rekodi upya na faili likageuka. Kwa hiyo ukienda ofisini omba mkalimani anayejua Kiswahili cha kwenu, ni bure. Wala usimfanye mwanao wa miaka kumi na miwili kuwa mkalimani, hata kama Kiingereza chake kinateleza kama mafuta. Kuna mambo atakayoyapunguza kwa kukuonea haya.

Sasa sheria. Sheria ya makazi ya Marekani ni ya 1968, na mwaka 1988 iliongezwa kinga kwa familia zenye watoto wa chini ya miaka 18. Hata hivyo mwenye nyumba anaruhusiwa kuweka kikomo cha watu. Tangu 1991 mwongozo wa wizara ya nyumba ya serikali kuu umekuwa kwamba watu wawili kwa chumba cha kulala ni kikomo kinachokubalika kwa kawaida. Vyumba vitatu, watu sita. Nyinyi mmezidi mmoja, na huyo mmoja ana miezi minne! Mwongozo huohuo unataka tuangalie ukubwa wa vyumba na umri wa watoto kabla ya kuamua. Isitoshe, "watapiga makelele" si hesabu ya vichwa. Hayo ni maneno juu ya watoto.

Andika leo tarehe, saa na maneno aliyoyasema, kwa lugha aliyoyasema. Piga picha tangazo la nyumba kabla halijafutwa. Rafiki yako atunze kumbukumbu ya simu ile, na aseme kama aliulizwa ana watoto wangapi, maana kama na yeye ana watano na bado walimkaribisha, hadithi inabadilika. Nitakachomuuliza mwenye nyumba ni orodha ya wapangaji wake wote wa vyumba vitatu na idadi ya watu katika kila nyumba. Mara nyingi jibu liko humo.

Kuna nyumba zisizoguswa na kifungu hiki, kama zile za wazee wa miaka 55 na zaidi zilizotimiza masharti, au jengo la nyumba zisizozidi nne ambalo mwenyewe anaishi mojawapo. Lakini hata huyo wa mwisho haruhusiwi kutangaza kwamba hataki watoto.

Shikamoo mama. Ni msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Meneja ametukataza Kiswahili kabisa, hata tukiwa tunakula. Anasema wazee wanadhani tunawasengenya. Ana haki?

Marahaba mwanangu. Chumbani kwa mgonjwa, mbele ya mgonjwa, ana hoja: huyo mzee anahitaji kuelewa anachofanyiwa. Kwenye chumba cha chakula hoja hiyo inapwaya. Tume ya serikali kuu ya usawa wa ajira inachukulia amri ya Kiingereza tu kwa saa zote, mapumziko yakiwemo, kuwa dalili ya ubaguzi wa asili ya mtu, na ni juu ya mwajiri kuonyesha kazi inailazimu.

Niambie na hili: wale wenzenu wanaoongea Kihispania au Kitagalogi cha Ufilipino, wameambiwa nini? Kama wao wanacheka kwa lugha yao na nyinyi ndio mnaoandikiwa barua, hapo ndipo faili lilipo.

Mama, nikileta malalamiko kwako, wewe utakuwa upande wangu?

Hapana.

Najua jibu hilo linauma, na watu wameshalia mbele yangu kwa sababu yake. Mtu anafika akiwa na bahasha ya karatasi, ananiita mama, ananiona rangi yake moja, anadhani amepata wakili. Mimi si wakili wako na si wakili wa mwajiri. Nachukua maelezo yako, nampelekea mlalamikiwa, naye anajibu kwa maandishi (karibu kila mara kupitia wakili), nakupa nafasi ya kulijibu jibu lake, kisha naanza kuomba nyaraka na kuhoji mashahidi. Kabla ya hapo huwa tunauliza pande zote mbili kama zinataka usuluhishi, na mashauri si machache yanaishia hapo kwa fedha, barua nzuri ya kazi au kurudishwa kazini.

Kinachoamua ni ulinganisho. Mwajiri akisema "tulimfukuza kwa kuchelewa", siulizi kama ulichelewa. Naomba saa za kuingia za idara nzima. Nimewahi kukuta dada aliyefukuzwa kwa kuchelewa mara tatu, na ubaoni kuna waliochelewa mara nane wakaonywa tu kwa mdomo. Nimekuta pia faili la namna hiyohiyo ambalo kila aliyechelewa mara tatu alifukuzwa, mweupe kwa mweusi, bila kubakiza hata mpwa wa meneja. Bosi alikuwa mkali na mwenye matusi, lakini sheria haimkatazi kuwa bosi mbaya kwa wote. Barua ya kumwambia mlalamikaji yule kwamba hatukuona sababu ya kuendelea niliiandika mara nne.

Nina muda gani wa kulalamika?

Mdogo kuliko unavyodhani. Kwa ajira, kwenye tume ya serikali kuu ni siku 180 tangu tendo, au 300 pale ambapo jimbo au mji una chombo chake kinachosimamia sheria ya namna hiyo. Kwa nyumba, ni mwaka mmoja kwenye wizara. Sheria za miji zina muda wake, uliza. Na kulalamika kwa ofisi ya wafanyakazi kazini kwenu hakusimamishi saa. Nimewaona waliongoja majibu ya ofisi hiyo hadi siku zikaisha.

Mama, bosi wangu ni Mkenya mwenzangu. Zamu nzuri zote anawapa wa kabila lake, sisi wengine anatupa usiku. Wazungu wa ofisini wanaona sote ni Waafrika tu. Kuna kesi hapo?

Inaweza kuwepo. Sheria haijali kama aliyekubagua mmetoka naye nchi moja. Asili ya mtu inayolindwa ni pamoja na kabila au jamii anayotoka, si pasipoti tu. Kazi ngumu ni kumweleza mchunguzi asiyejua kwetu. Usimwambie "anapendelea watu wake" ukadhani ameelewa. Mweleze kabila ni nini, unajuaje nani ni wa lipi (jina, lugha wanayoongea kazini), kisha mpe ratiba za zamu za miezi kadhaa. Ratiba zitamfundisha zaidi ya historia ya Kenya.

Angalia pia ukubwa wa kampuni. Sheria ya serikali kuu ya 1964 dhidi ya ubaguzi kazini inaanzia kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 15. Sheria za miji mara nyingi huwafikia wadogo zaidi. New York, kwa mfano, kwa kawaida inaanzia wanne. Ndiyo faida ya ofisi za mji kama yetu.

Naweza kumrekodi bosi wangu kwa siri?

Inategemea jimbo. New York inatosha wewe mmoja unayeongea ukubali. California, Washington, Florida na Pennsylvania zinataka kila anayeongea aridhie, na ukikosea unaweza kuwa mshtakiwa wewe. Ukiwa na shaka, andika daftarini jioni ileile. Daftari lenye tarehe nalipenda sana.

Nililalamika kuhusu rangi, wiki mbili baadaye nikapunguziwa saa. Sasa hata lalamiko la kwanza wanasema halina uzito.

Leta la pili. Kulipiza kisasi ni kosa linalojitegemea: la kwanza likianguka, la pili linaweza kusimama, mradi ulilalamika kwa nia njema na ulikuwa na sababu ya kuamini ulichosema. Kwenye tume ya serikali kuu, mwaka 2020, zaidi ya nusu ya malalamiko yote yalikuwa na kisasi ndani yake. Waajiri wengi wasiobagua hushindwa kuzuia hasira. Tafuta hati za malipo za kabla na baada.

Binti yangu anataka kazi kama yako. Asomee sheria?

Si lazima. Ofisini kwetu wapo wanasheria, yupo aliyekuwa mwalimu, mimi nilitoka kwenye ustawi wa jamii. Shahada inatakiwa karibu kila mahali, na lugha ya pili inakupandisha foleni. Ila jambo linalowaangusha wengi kwenye usaili wetu ni kuandika. Tunampa mtu maelezo ya pande mbili yanayopingana, tunamwambia atuandikie kurasa mbili: nini kinakubaliwa na wote, nini kinabishaniwa, angeomba nyaraka gani. Wengi huandika nani anaonekana muongo. Mwambie binti ajaribu zoezi hilo kwa ugomvi wowote wa nyumbani kwenu, na wewe usiwe shahidi.