Kabla hujasaini barua ya kocha wa Marekani

Ikiwa uko Iten au Kaptagat na kuna kocha wa chuo kikuu cha Marekani anakuandikia kwenye WhatsApp ukakimbilie chuo chake kwa ufadhili, jua kwamba muda wako wa mita 5,000 ameshauona na umempendeza. Sasa anahangaikia karatasi zako. Mimi nimepita huko, na siku hizi nawasaidia wanaoondoka. Wengi wanaokwama, miguu yao haina tatizo lolote.

Cha kwanza ni kalenda. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huisha Novemba, na mwaka wa masomo wa Marekani huanza Agosti. Kanuni za Division I, daraja la juu la NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zimekuwa zikimpa mkimbiaji mwaka mmoja wa nafasi baada ya sekondari kabla ya kujiunga na chuo. Ukipitisha mwaka huo huku ukiendelea kushiriki mashindano rasmi, misimu yako ya kushindana inaanza kukatwa. Usijidanganye kwamba mbio za barabarani hazihesabiwi. NCAA inaziweka kapu moja na mbio za nyika na za uwanjani.

Mtego mbaya zaidi ni kujiandikisha chuo kikuu cha hapa nyumbani "nikisubiri viza". Kwa miaka mingi hesabu imekuwa misimu minne ya kushindana ndani ya miaka mitano, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa ukishaandikishwa muda kamili na kuanza masomo chuoni, popote duniani. Muhula mmoja tu wa kusubiri, nawe umeanza kula miaka yako. Isitoshe, Marekani watakupokea kama mwanafunzi anayehama chuo, na huyo ana kanuni zake.

Kuhusu zawadi za pesa, weka risiti. Nauli ya matatu, chumba cha kulala, ada ya kujiandikisha, vyote kwenye bahasha moja yenye jina la mbio na tarehe. Kwa muda mrefu kanuni imeruhusu zawadi isiyozidi gharama halisi za kushiriki. Mwaka 2024 mchezaji wa tenisi, Reese Brantmeier, aliishtaki NCAA kuhusu jambo hilohilo, na kitabu cha kanuni hutolewa upya kila mwaka, kwa hiyo usitegemee alichokuambia binamu yako aliyeenda 2015. Fomu ikikuuliza ulishinda nini, andika yote. Matokeo ya mbio yako mtandaoni, na wao wanajua kutafuta.

Halafu kuna madalali. Mtu akikuambia atakutafutia skolashipu kisha umkatie asilimia, kimbia. NCAA inamhesabu anayelipwa kwa kukuwekea nafasi yenye ufadhili kuwa wakala, na anayeumia ni wewe, si yeye. Mtu wa kukusaidia kupanga vyeti kwa ada inayojulikana, upate nafasi usipate, huyo ni sawa.

Kuna jambo makocha hawakuelezi kwenye simu. Chuo cha Division I sharti kiendeshe michezo isiyopungua 14, na mbio za nyika, za ukumbini na za uwanjani huhesabiwa kama michezo mitatu. Wewe mmoja wa masafa marefu unajaza nafasi tatu. Ndiyo maana hata chuo kisicho na uwanja wa maana kina timu ya mbio, na ndiyo maana unaweza kukimbizwa kuanzia Septemba hadi Juni bila kupumzika. Misimu ya michezo hiyo mitatu huhesabiwa kila mmoja peke yake, kwa hiyo unaweza kukimbia nyika na kuuhifadhi msimu wa uwanjani. Muulize kocha mapema ana mpango gani na wewe. Akijibu "tutaona", jua utakimbia yote.

Konferensi, yaani lile kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja, nayo huongeza masharti yake. Ivy League, konferensi ya vyuo kama Harvard na Yale, haitoi ufadhili wa michezo kabisa. Baada ya makubaliano ya mahakama ya Juni 2025 kuhusu malipo ya wachezaji wa vyuo, vyuo vilivyoyakubali vina kikomo cha wakimbiaji 17 wa nyika kwa timu, lakini SEC, konferensi ya vyuo vya kusini-mashariki, ikawawekea wanaume 10 tu. Mkimbiaji wa kumi na mmoja hapo hana nafasi, hata kama kwingineko angekuwa nyota.

Ukishafika, darasa ndilo linalokulinda. Ili uendelee kuruhusiwa kushindana unahitaji krediti, yaani alama za uzito wa masomo uliyofaulu: 6 kila muhula, 24 kabla ya mwaka wa pili, na asilimia 40 ya digrii uliyoichagua kabla ya mwaka wa tatu. Ukibadilisha kozi ovyo, asilimia hiyo inashuka. Na ukisikia wenzako wanalipwa kwa matangazo, kumbuka wewe uko kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo ina masharti magumu ya kazi. Pita kwanza kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, si kwa wachezaji wenzako.

Barua ikija, isome na mwalimu wako. Tafuta ufadhili ni asilimia ngapi, maana "skolashipu" inaweza kuwa nusu ya karo tu, bila chakula wala malazi. Uliza ufadhili huo unahuishwa lini na nani anaamua. Uliza pia utalala wapi Krismasi na kiangazi, kwa kuwa mabweni mengi hufungwa, na tiketi ya ndege ya kurudi Eldoret haimo kwenye barua.