Kanga yangu imegeuka hariri

SWALI: Dada, nauza kanga hapa Tanga. Nimeiomba Midjourney, ile programu ya akili mnemba inayochora picha kwa maelezo, inichoree mama wa sokoni aliyejitanda kisutu. Imeniletea malkia wa sinema: mwanga wa dhahabu, kitambaa kinameremeta, na jina la kanga halisomeki. Nakosea wapi?

JIBU: Hujakosea, mdogo wangu. Ni mtindo ndio unaokuzidi nguvu. Midjourney ina kipimo kinachoitwa stylize, kuanzia 0 hadi 1000. Usipokigusa hukaa kwenye 100. Ukikipandisha, programu hufuata zaidi ladha yake na maelezo yako hubaki nyuma. Mwishoni mwa maelezo andika --s 30 (s ni kifupi cha stylize), kisha --style raw, ambayo hupunguza urembo inaojiongezea yenyewe.

Juzi nilijaribu kisutu kwa 750. Pindo ziliyeyuka, mji ukawa kama zulia la msikitini. Niliposhusha hadi 30, pindo zilirudi nyekundu na nyeusi, pamba ikaonekana pamba, hata mstari wa mkunjo wa dukani ulikuwepo. Nilifurahi mno! Ila badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.

Jina usiiachie mashine, maana Kiswahili chake cha kwenye kitambaa huharibika hata mtindo ukiwa chini. Liandike mwenyewe baadaye. Na kwa tangazo la kuuzia, tafadhali, tandika kanga yenyewe juani uipige picha kwa simu. Mteja anastahili kuona atakachojifunga.