Kwa Wanaoanza Kusoma Habari za Miungu ya Wamaori

Nilipoanza kusoma masimulizi ya Wamaori wa Nyuzilandi, nilichora jedwali la majina na kazi: Tāne wa misitu, Tangaroa wa bahari, Tāwhirimātea wa upepo, Tūmatauenga wa vita. Lilinisaidia kukariri, lakini lilinichelewesha kuelewa, kwa sababu liliacha nje kile ambacho Wamaori wenyewe hukitanguliza, yaani nasaba, ambayo wao huiita whakapapa. Nawashauri mjue kwanza nani alizaliwa na nani, na nani aligombana na nani. Kazi zao zitaeleweka baadaye.

Katika simulizi inayojulikana zaidi, Ranginui, baba mbingu, na Papatūānuku, mama ardhi, walikuwa wamekumbatiana huku watoto wao wakibanwa gizani katikati yao, mpaka Tāne alipomsukuma baba yake juu kwa miguu. Tāwhirimātea, ambaye hakuridhia wazazi watenganishwe, aliwashambulia ndugu zake kwa dhoruba. Akaivunja miti ya Tāne, akamfanya Tangaroa akimbilie baharini, ilhali Rongo wa viazi vitamu na Haumia wa vyakula vya porini walifichwa na mama yao. Tūmatauenga peke yake ndiye aliyesimama imara, na kwa kuwa hakusaidiwa na yeyote, aliwageukia ndugu zake akawala. Hapo ndipo binadamu, walio upande wake, walipopata haki ya kuvua samaki, kukata miti na kuchimba viazi, ingawa kwa desturi hawafanyi hivyo bila kutamka karakia, yaani sala za kimila, maana wanachokichukua ni cha jamaa zao.

Msidhani, hata hivyo, kwamba Wamaori wote husimulia hivyo. Kwa Ngāi Tahu, kabila la Kisiwa cha Kusini, Tangaroa, ambaye wao humwita Takaroa, ni mume wa kwanza wa Papatūānuku, naye alimchoma Ranginui mkuki pajani baada ya kurudi na kumkuta na mkewe. Simulizi ya watoto gizani imeenea sana kwa sababu Gavana George Grey aliichapisha mwaka 1854, akitegemea hasa maandishi ya Te Rangikāheke wa kabila la Te Arawa, mtaalamu ambaye kwa muda mrefu hakutajwa ipasavyo. Kila mnaponukuu, andikeni ni ya kabila gani.

Neno atua nalo lina mtego. Sisi hulitafsiri “mungu” kwa kukosa jingine, lakini huwahusu pia wahenga na mizimu, kwa hiyo mimi hupendelea kuliacha lilivyo.

Mtakutana pia na Io, anayetajwa kuwa mkuu wa wote. Maelezo yake mengi yalienea kutokana na maandishi yaliyochapishwa kuanzia mwaka 1913, na wataalamu wamebishana sana kama imani hiyo ilikuwapo kabla ya Ukristo kufika. Msimweke juu ya nasaba bila kuutaja ubishi huo.