Mholanzi na Mbelgiji si walewale

Wapo wanaosema Mholanzi na Mbelgiji ni walewale. Hapana ndugu yangu, usiwachanganye. Nenda kwenye bethidei ya Mholanzi uone: viti vimepangwa duara, unazunguka unampa kila mtu mkono na kumpongeza, hata shemeji na jirani, kana kwamba wote wamezaliwa leo. Kisha kahawa na kipande kimoja cha keki. Kimoja! Ukisubiri pilau utalala njaa. Kalenda ya bethidei zenyewe wameitundika chooni, ukikaa unaisoma. Asubuhi mtu mzima na ndevu zake anakula mkate wa siagi ulionyunyiziwa punje za chokoleti. Mbelgiji yeye mpe chipsi zilizokaangwa mara mbili, mayonezi juu, na bia ndani ya glasi maalumu ya aina hiyo ya bia. Glasi hiyo ikikosekana, wapo wanaobadilisha oda kabisa.